Machotara wa Zuzu

Kazi yangu chuoni ni kulea viwavi. Nawaokota kijijini Zuzu, kando ya reli, kwenye vichaka vyenye utomvu mweupe, na kuwalisha katika masanduku ya wavu hadi wawe vipepeo. Kuna wenye ncha nyeusi za mabawa na baka jeupe, na kuna ndugu zao wa rangi ya chungwa tupu. Hapa kwetu katikati ya nchi hukutana na kupandana, na watoto hutoka na baka lililopauka, si la baba wala la mama. Hao machotara ndio niliowapenda.

Mume wangu ni mtu wa mjini, wa ukoo uliokuja na misafara ya zamani: Mmanyema kaoa Mnyamwezi, mjukuu kaoa Mrangi. Mimi ni Mgogo wa Mvumi, nilisilimu nikaolewa. Binti yetu alipozaliwa, mawifi walinitania, "Huyu kachota huku na huku." Nikacheka nao.

Kisha nikazaa mvulana, akafa kabla ya akika. Nikazaa mwingine, naye akamfuata. Hospitali hawakuwa na jibu.

Baada ya mazishi ya yule wa pili nilikaa arobaini ya uzazi, desturi ya nyumba ile, mtoto mwenyewe hayupo. Shangazi wa mume wangu alinikanda kwa maji ya moto na kuninywesha uji wa pilipili manga, huku maziwa yakilowesha khanga yangu bure. Nilimchukia kwa upole wake.

Nikiwa na mimba ya huyo wa pili, nilikuwa nimemsimulia mume wangu jambo la kazini: baadhi ya majike machotara huzaa majike watupu, madume hufia ndani ya yai. Nilimweleza kwamba si damu kukataana. Ni kijidudu, jike hukirithi kwa mama yake. Alinisikiliza huku akila.

Sasa, nikiwa nimelala chumbani, nikamsikia barazani.

"Hata wadudu, shangazi. Mwenyewe kaniambia. Wakichanganyika, madume hawaishi."

"Na hiyo kasoro inatoka kwa nani?"

"Kwa mama."

"Basi unangoja nini, baba?"

Nilitoka hadi barazani. "Na kijidudu? Mbona hujamwambia habari ya kijidudu?"

Mume wangu alinitazama kama mtu aliyeonewa. "Si ulisema chenyewe kinatoka kwa mama?"

Nilikuwa nimesema. Nikapiga kelele kwamba mimi si kipepeo, na sauti yangu ikanitia aibu.

"Mwanangu," shangazi akasema taratibu, "nenda kwenu kwanza, ukapumzike."

Nilimngoja mume wangu akatae. Akainama, akavaa kandambili zake.

"Nitaondoka na binti yangu," nikasema.

"Mtoto ni wa kwao, kwa baba yake," akajibu shangazi, na mume wangu akaenda kuniitia bodaboda.