Maji ya Moto kwa Mtutu wa Oiva

Kwa miaka thelathini Veijo Kallunki alikuwa mpima ardhi wa Puolanka, wilaya ya nchi ya baridi kule kaskazini, na watu walimsifu kwa jambo moja: mpaka uliowekwa na Veijo haugombewi. Akisema jiwe la mpaka liko hapa, basi liko hapa. Sifa hiyo aliipokea kama mtu aliyeazimwa koti. Linamsitiri, ila halikukatwa kwa mwili wake.

Mapenzi yake yalikuwa kwa bunduki kuukuu za jeshi. Alikuwa nazo nne katika kabati la chuma, na wala hakuwa mwindaji. Hata sungura hakupata kumuua. Alichokipenda ni mihuri iliyogongwa kwenye chuma, mwaka wa kutengenezwa, na mbao zilizong'azwa na viganja vya watu waliokwisha kuzikwa. Mara mbili kwa mwaka, masika na vuli, chama cha askari wa akiba kilifanya mashindano ya bunduki za namna hiyo, na Veijo hakuyakosa.

Aliyemtia katika mapenzi hayo ni Oiva Mustakangas, fundi wa mabasi aliyestaafu, mwenye umri wa miaka sabini na tisa. Oiva alikuwa na bunduki moja tu, ya mwaka 1941, aliyoinunua ujanani jeshi lilipokuwa likiuza mali ya maghala yake. Kitakoni askari fulani alikuwa amechonga herufi mbili, A.H. Oiva hakumjua, lakini humtaja kana kwamba waliachana jana. "Mwenzetu leo ana hasira," husema risasi inapokwenda upande.

Oiva alikuwa na sheria moja isiyovunjwa. Baada ya kulenga shabaha, sauna, chumba cha kuogea kwa mvuke, huwashwa, lakini hakuna anayevua hata soksi kabla maji yanayochemka hayajachotwa kwenye pipa la sauna na kumiminwa ndani ya mitutu. Risasi za zamani za Kirusi, zile zinazouzwa rahisi katika makopo ya bati, fataki zake za kuwashia baruti huacha chumvi ndani ya mtutu. Mafuta hayaiondoi chumvi hiyo. Huifunika tu, nayo huendelea kula chuma kimyakimya. "Bunduki kwanza, mtu baadaye," Oiva alizoea kusema. "Mtu akinuka, mkewe atamwambia. Bunduki haina mke."

Vuli iliyopita, komeo la bunduki pekee ya Veijo iliyofaa mashindano lilivunjika wiki moja kabla ya mashindano. Oiva, aliyekuwa akingoja kupasuliwa mtoto wa jicho, akamwazima yake pamoja na risasi arobaini alizozijaza baruti kwa mkono wake mwenyewe.

"Hizi tu, kijana. Makopo ya Mrusi usiyasogeze karibu na mwenzetu."

"Nimekusikia, mzee wangu."

Alisikia, lakini hakutii. Risasi za Oiva aliziona ni tunu, akataka kuzihifadhi kwa siku yenyewe, basi mazoezi akayafanya kwa risasi za kopo. Siku ya mashindano alishika nafasi ya pili. Alirudi nyumbani amelowa mvua, sauna imepoa, naye mwenyewe anatetemeka. Akapitisha kitambaa chenye mafuta mara tatu mtutuni, akaifungia bunduki kabatini. Kesho nitachemsha maji, alijiambia. Kesho hiyo haikuja. Kikombe cha mshindi wa pili alimpelekea Oiva, naye akakiweka dirishani kando ya kopo la kahawa. Kila mgeni aliambiwa, "Mimi nililala na bandeji jichoni, mwenzetu akaenda kushinda."

Daktari alimkataza Oiva asiguse bunduki mpaka masika, kwa hiyo ilibaki kwa Veijo. Mwezi Mei alipofungua kabati na kutazama ndani ya mtutu, aliona wekundu kama wa paa la banda lililotelekezwa. Jioni tatu alisugua kwa brashi ya shaba. Kutu ikatoka, lakini vishimo vikabaki, vimeitafuna mifuo inayoizungusha risasi. Huenda bado inapiga sawa, alijifariji. Mtu mwenye hatia huwa hodari wa kukadiria. Hata yeye, aliyeishi kwa vipimo, safari hii hakutaka kupima. Akamrudishia Oiva bila kusema neno.

Jumamosi ya mashindano, Oiva alilala kifudifudi kwenye mkeka wake wa siku zote. Zamani risasi zake kumi ungeweza kuzifunika kwa kisahani cha kahawa. Siku hiyo zilitawanyika kama beri zilizomwagika, na mbili hazikuigusa kabisa karatasi.

"Oiva!" alipaza sauti Terttu, mama msimamizi wa uwanja. "Tulikualika kulenga shabaha, wewe umekuja kupanda viazi?"

Watu wakacheka. Oiva naye alicheka, lakini kicheko kilimwishia kabla ya cha wenzake. Alichomoa komeo, akauelekeza mtutu angani, akachungulia. Akachungulia tena kwa jicho la pili.

"Veijo, njoo. Wewe una macho. Mimi naona giza humu."

Veijo alichungulia. Kila kishimo kilionekana wazi kwenye mwanga wa mchana.

"Uko safi," alisema.

Mzee alitikisa kichwa polepole, mara nyingi. "Basi ni mimi. Yule daktari alinipa moyo tu. Kama hata mtutu safi nauona una giza, sina la kutafuta tena hapa." Akaikamata bunduki kwa mikono miwili na kumkabidhi Veijo. "Kibali cha bunduki nitakirudisha polisi Jumatatu. Ichukue wewe. Angalau itakuwa na mtu anayeitunza."

Yapo matusi ambayo mtu huyavumilia, lakini shukrani hiyo ilimchoma Veijo kuliko tusi lolote. Alitaka kusema pale pale. Lakini Terttu alikuwa akisikia, na wengine wanane walikuwa wakisikia, naye akagundua, kwa aibu mpya juu ya ile ya kwanza, kwamba bado alikuwa akiilinda sifa ya mawe yake ya mpaka.

Saa kumi walikuwa wawili kwenye sauna ya Oiva, kando ya ziwa lililokuwa bado na barafu kingoni. Maji yalichemka pipani. Oiva alikaa kwenye ngazi akiwa na kofia na viatu, kama sheria yake ilivyotaka.

"Haya, mwoshe. Sasa ni wako."

Veijo alimimina maji, kisha akasukuma kitambaa cheupe kwa ufito. Kilitoka na madoa ya hudhurungi. Angeweza kukikunja. Akakitandaza juu ya goti la mzee.

"Si macho yako, Oiva. Ni mimi. Nilipiga risasi za kopo vuli, na maji sikumimina. Leo nimekudanganya mbele ya watu."

Oiva alikigusa kitambaa, akakinusa.

"Kwa hiyo lile giza nililiona kweli."

"Uliliona kweli."

"Na wewe ukaniacha niamini kwamba nimekuwa kipofu."

"Ndiyo."

Mzee aliinuka, akatoka nje. Veijo alimfuata mpaka mlangoni, akamkuta ameshika mwimo wa mlango, macho yakiwa ng'ambo ya ziwa.

"Kule kwa jirani Heikkinen kuna nguo zimeanikwa," Oiva alisema. "Soksi tano. Ya sita imepotea." Alicheka kidogo, halafu akageuka, na usoni hapakuwa na kicheko. "Kesho niletee bunduki yako. Ile uliyotengeneza komeo."

Kesho yake uwanja ulikuwa mtupu. Oiva alipiga risasi kumi kwa bunduki ya Veijo, akatembea mwenyewe hadi kwenye shabaha, akarudi na karatasi. Kisahani kingezifunika zote kumi. Akamtia Veijo karatasi hiyo mkononi.

"Ibandike ndani ya kabati lako. Kibali sirudishi ng'o."

"Mzee wangu, nitatafuta mtutu mwingine wa mwaka ule ule. Nitamlipa fundi—"

"Mtutu mwingine si mwenzetu." Aliipangusa bunduki yake, kidole gumba kikapita juu ya zile herufi mbili. "Kila Jumamosi utakuja kumwosha kwa maji ya moto. Hatapona, najua. Utamwosha tu."

"Na Terttu?"

"Terttu utamwambia mwenyewe. Kwa sauti, kama alivyonicheka."

Alimwambia Jumamosi iliyofuata, mbele ya wale wanane, na hakuna aliyecheka. Kisha akaenda kwa Oiva. Maji yalikuwa tayari yakichemka, na kile kikombe cha mashindano hakikuwapo tena kwenye dirisha la nyumba. Veijo hakuuliza kilikokwenda. Alishika ufito, akaanza kuosha, naye Oiva akakaa kwenye ngazi akimtazama, kofia kichwani na viatu miguuni.