Mchezo Uliokwisha Mtoni

Nilikuwa mwalimu wa hisabati Garissa, mwenye shahada na kiburi chake. Shule ilikuwa na kompyuta moja kuukuu ya msaada, tuliyoiwasha mchana kwa jenereta, nami nikajifundisha kuiandikia mchezo. Kwenye kioo herufi M zilikuwa mbuzi, nukta zilikuwa malisho, na mstari wa pembeni ulikuwa mto Tana. Ukifikisha kundi mtoni kabla ukame haujalimaliza, umeshinda.

Wanafunzi waliupenda, na kila mmoja alikuwa na ushauri wake. Kuwe na fisi. Kuwe na bunduki. Mbuzi wakimbie. Walinichosha. Kisha mvua kubwa ilianza, barabara zikakatika, na siku moja msichana wa kidato cha pili, ambaye kwao ni Sangailu na Kiswahili chake kina lafudhi ya Kisomali, alifikisha mbuzi wote akabaki ameketi.

"Mwalimu, mbona imekwisha?"

"Umeshinda."

"Hapa kwa mto ndiyo shida inaanza. Mfua kama hii, mbu inakuja mingi, mbuzi inatupa mimba, halafu inakufa. Baba yangu anabeleka wanyama juu, kwa mchanga. Weka hiyo, mwalimu."

Nilimwambia mchezo lazima uwe na mwisho, na kama haumpendezi atengeneze wake. Wenzake walicheka. Ukweli ni kwamba ingekuwa kazi ya siku kadhaa, nami niliona uvivu.

Wiki hiyohiyo mdogo wangu, aliyekuwa akichunga mbuzi wa mama ukingoni mwa mto, alinitumia salamu kwa mdomo wa mchuuzi wa mifugo. Aliuliza kama ahame. Nyumbani mimi ndiye niliyesoma, na hakuna lililoamuliwa bila mimi. Nikamjibu abaki, maji yapo na majani yamejaa. Maneno ya yule msichana hayakunijia hata kidogo. Kwangu yalikuwa maneno ya mchezo tu.

Mbuzi walitupa mimba, kisha wakaanza kuanguka. Mdogo wangu aliwawahi kwa kisu waliokuwa wakikata roho, wasigeuke mizoga, damu ikimfika viwikoni. Siku chache baadaye alishikwa na homa, halafu akatokwa damu puani na kwenye fizi. Tulimzika juu, kwenye mchanga, kwa sababu huko ndiko kulikokuwa kukavu.

Mama hakunilaumu. Aliniuliza mara moja tu: "Alikutumia salamu, siyo?" Nikasema ndiyo.

Niliporudi shuleni niliiandika ile sehemu iliyobaki. Sasa kundi likifika mtoni, herufi zilifutika moja moja hadi kioo kikawa cheusi. Wanafunzi walilalamika kwamba haiwezekani kushinda, na walisema kweli, lakini sikubadilisha kitu. Yule msichana alicheza mara mbili.

"Mwalimu, njia ya kwenda juu iko wabi?"

"Haipo."

"Iko," alisema. "Mimi nilikuambia."