Chumvi katika Pipa la Mama Kavugho

Jirani yangu Mama Kavugho ana kuku wa uzazi sitini na majogoo sita hapa Butembo, na sijawahi kumsikia akikubali kwamba amekosea. Kila mwezi huenda kuungama kwa padri. Mimi Mprotestanti hujiuliza huwa wanazungumza nini.

Mayai yake si ya kuliwa. Hupelekwa Beni kwa Siméon, mwenye mashine ya kuangulia vifaranga. Mwaka huu mambo yaliharibika. Kuku walinywea katika mabeseni, wakaingia humo na miguu yao michafu, wakamwaga maji hadi maranda ya sakafuni yakalowa na mayai yakajaa uchafu. Yeye akayasugua kwa maji kama viazi. Uchafu ukapenya ganda, na zaidi ya nusu yakaozea mashineni. Siméon akampigia simu bila kuzunguka: mayai ya mara ijayo yakiwa hivyo, atanunua ya wafugaji wa Kanyabayonga. Mama Kavugho ni mjane, na kuku hao ndio waliowasomesha watoto wake wanne. Neno hilo lilimtisha sana, ingawa kwangu alisema ana mafua.

Nilisomea ufugaji, kwa hiyo napenda kushauri hata nisipoulizwa. Nikamwambia aweke pipa na mabomba yenye vidude vya chuma, kuku akigonga kwa mdomo apate tone. Fundi akayafunga. Sakafu ikakauka, mayai yakawa safi. Lakini Mama Kavugho hakutulia. Beseni lilikuwa likimwonyesha maji yakipungua. Bomba halimwonyeshi kitu.

«Madame Hulda, hizi kuku ziko nakufa na kiu. Ziko nagonga tu ile chuma.»

«Zinakunywa, Mama. Kila kugonga, tone moja.»

«Tone moja! Wewe unaweza kuishi na tone moja?»

Huko Lubero alikozaliwa, mbuzi asiyetaka kunywa hulambishwa chumvi ya ziwa Katwe ili kiu imshike. Basi, bila kuniambia, kila asubuhi akawa anatia konzi kadhaa za chumvi hiyo ndani ya pipa. Kuku wakanywa kweli. Pipa likawa linaisha kabla ya saa sita, naye akawa anazunguka uani na uso wa mshindi.

Wiki ya tatu nikaokota yai, ganda likabonyea chini ya kidole changu. Nikagonga kidude cha bomba, nikaonja, nikatema.

«Mama, uliweka nini humu?»

«Chumvi kidogo tu. Juu zisikie kiu.»

Nikamweleza kwamba maji ya chumvi hudhoofisha ganda, na yai la ganda jembamba hupasuka au hukaukia mashineni. Alinisikiliza bila kunikatiza, jambo lililonitia hofu. Kisha akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

«Lakini Esdras alisha peleka mayai,» akasema.

Esdras ndiye motari wake, anayembebea mayai kwa pikipiki. Plato kumi, yaani trei za mayai, zilikuwa zimefika Beni tangu jana, na Siméon angezitia mashineni mchana huo. Nilimhurumia. Nilijua anawaza nini, maana hata mimi niliwaza hivyohivyo: labda mengi yataanguliwa, labda Siméon hatagundua. Halafu akatoa simu.

«Siméon, ni Mama Kavugho. Ile mayai ya jana, usiitie mu mashini. Ni mubaya. Ni mimi niliiharibisha.»

Nilisikia sauti ya Siméon vizuri, maana simu ile ya Mama Kavugho hupiga kelele kama redio.

«Mama, niko na miaka kumi na mbili mu hii kazi. Batu banaletaka mayai mubaya kila siku. Hakuna hata moja mwenye alisha niita kunijulisha mbele. Badilisha maji. Nitakungojea, hata kama ni mwezi muzima.»

Mama Kavugho akalia mbele yangu, mara ya kwanza tangu tumzike mume wake. Alipomaliza, akashika upande mmoja wa pipa, nami nikashika mwingine, tukalimwaga.