Nilimshika Swara wa Watu, Nikamwachilia Dada Yangu

Wasomaji wenzangu, nisuteni tu, nimestahili. Mimi ni Mkenya, mfanyakazi wa ndani hapa Jeddah, na uongo nilioutunga jikoni ulikwenda kuniumbua mbele ya mahekalu ya Japani. Jamani, hata kuandika naona haya!

Nyumba hii tulikuwa wawili, mimi na Mwende. Yeye ndiye aliyenipokea, akanifundisha kupika kabsa, ule wali wao wa nyama, akanifuta machozi nilipokuwa mgeni. Nilimwita dada ingawa hatukuzaliwa pamoja.

Siku moja madam akatangaza kwamba familia inakwenda matembezi Japani, na Mwende ataandamana nao kuwasaidia. Wivu ukanipanda hadi kooni! Nikajikuta nasema, "Madam, mimi najua Kijapani. Nilimfanyia kazi Mjapani Nairobi."

Uongo mtupu! Kijapani changu chote kilikuwa majina ya magari. Madam alipotaka kusikia, niliinama kidogo, nikamtajia kwa sauti nyororo kila gari la mtumba nililolijua. Akapiga makofi.

Mwende alikuwa kwenye sinki. Magari hayo anayajua kuliko mimi, kaka yake ni fundi Machakos! Angeniumbua papo hapo. Alinitazama tu, akaendelea kuosha sufuria. Mimi nikapewa safari, yeye akapelekwa Riyadh kwa mama yake madam, ati kwa muda.

Basi tukafika Japani. Siku moja tukapanda feri kwenda kisiwa ambacho wenyewe wanakiona kitakatifu. Lango jekundu limesimama ndani ya maji, mahekalu yamepanda hadi mlimani, na swara wanatembea katikati ya watu bila woga, maana huko wanaheshimiwa kama wajumbe wa miungu. Hilo sikulijua.

Tukiwa mbele ya hekalu, swara mmoja akaanza kutafuna pindo la abaya ya madam. Bibi mmoja muuza keki akanyoosha kidole, akapiga kelele: "Shika! Shika!"

Ningefanya nini? Hata nilifurahi, kumbe Kijapani nakijua! Nikamrukia yule mnyama, nikamkumbatia shingo kwa nguvu zangu zote. Akaniburura kwenye changarawe, abaya yangu ikachanika. Bibi akazidi kulia "Shika!" na mimi nikazidi kushika! Watalii wakatoa simu. Kuhani mwenye mavazi meupe akaja mbio hadi kiatu kikamtoka.

"Eish hada, nini hii?" madam akafoka. "Huyu bibi amesema nini?"

"Madam, amesema nimshike!"

Baba, mume wake, akamsogezea bibi simu yenye kutafsiri. Simu ikajibu kwa Kiarabu, bila huruma: "Nilikuwa nawaonya kuna swara." Kumbe shika kwa Kijapani ni swara!

Ardhi haikupasuka, jamani. Nikakiri pale pale kwamba Kijapani changu kilikuwa magari. Baba alicheka hadi akakaa kwenye ngazi za hekalu. Madam hakucheka. "Halas, basi," akasema, na hakunisemesha tena hadi tuliporudi Jeddah.

Kazi sikufukuzwa. Lakini yule mama wa Riyadh amempenda Mwende na hataki kumwachia. Kila nikiuliza atarudi lini, madam hujibu, "Mafi Mwende, hayupo. Wewe si unajua kila kitu? Yalla, kazi." Sasa nadeki nyumba nzima peke yangu, nakula peke yangu, na jioni sina wa kusuka naye nywele. Ninamkosa mno!

Juzi nikampigia simu, nikamsimulia yote, hata ile ya kuhani kupoteza kiatu. Alicheka hadi akakohoa. Nikadhani yameisha.

"Kwa hivyo swara wa wenyewe ulimshika kabisa," akasema. "Mimi wa kwenu ukaniachilia."

Nilianza kumwomba msamaha. Nikaishia kulia, naye akaningoja nimalize, kama zamani.

Enyi mlio ugenini, kama una mtu wa kukufuta machozi, mshike huyo. Usingoje kukumbushwa kwa Kijapani!