Kikohozi cha Mwenye Duara

Kaka yangu alikuwa mchimbaji wa dhahabu Mwakitolyo. Alipoanza kukohoa, mwenye duara, yaani shimo la dhahabu alilokuwa akishukia, alimwambia ni vumbi la mawe tu, anywe maziwa. Wahudumu wa afya walipofika na vikopo vya kupimia makohozi, mtu yule aliwafukuza.

"Mnataka kunitishia vijana wangu?"

Siku kaka alipotema damu mbele ya wenzake, akafukuzwa yeye pia. Alirudi nyumbani Tinde shati linamning'inia. Hospitali walisema ni kifua kikuu, na tumechelewa. Tulimzika mpunga ukiwa bado shambani.

Nilimchukia yule bwana kuliko nilivyouchukia ugonjwa wenyewe. Nikajiunga na wahudumu wa kujitolea wa kifua kikuu, nikaomba nipangiwe Mwakitolyo. Watu walisifu huruma yangu. Haikuwa huruma. Nilizunguka machimboni nikisikiliza vifua vya watu, na kila mchimbaji niliyempeleka kupimwa nilihisi nimempokonya yule bwana.

Kisha mkewe akaja kunitafuta. "Dada, mume wangu halali kwa kukohoa."

Nilimkuta ameketi kitandani, jasho linamtiririka. Hakunitambua. Nikamwambia mimi ni dada wa nani. Akainamisha uso.

"Mayu, nisitiri," alisema, akiniita mama kwa Kisukuma. "Vijana wasijue."

"Kwangu hawatajua. Utawaambia mwenyewe."

Nilitamani kuondoka nimwache na vumbi lake. Nikamkabidhi kikopo.

Majibu yalithibitisha. Tangu hapo kila asubuhi nilisimama mlangoni kwake na vidonge. Vilimchefua, machozi yalimtoka, nami sikuondoka mpaka ameze. Sitadanganya: nilifurahia. Na kila alipomaliza kumeza nilimuuliza swali lilelile: "Nani alikohoa kabla yako?" Mwanzoni alinirudishia kikombe tu. Baadaye alianza kumtaja kaka, kwa sauti ya chini.

Alipopata nguvu alikwenda mwenyewe duarani, akawasimamisha wachimbaji. "Nina kifua kikuu, natumia dawa," aliwaambia. "Yule mwenzenu nilimwambia ni vumbi. Nilimuua." Wakapanga foleni kupimwa, na baadhi yao walikutwa na ugonjwa.

Alipona, akanenepa. Siku ya dozi ya mwisho alinifungia mbuzi, nikamwambia amrudishe zizini.

"Mayu, umenisamehe?"

"Hapana. Nimekunywesha dawa."

Akacheka, akidhani namtania. Nikachukua mkoba wangu, nikaenda kwa mgonjwa mwingine.