Siku Njiru Ilipogeuka Nairobi

Juzi nilipita Njiru, kijijini kwetu zamani, magorofa yamebanana hata jua halipiti. Nikakumbuka alasiri ile ya utotoni baba alipotoka kwa chifu akasema, "Kuanzia leo Njiru ni Nairobi. Mji umetufikia."

Mimi nikadhani Nairobi ni wageni. Nikajipaka mafuta, nikavaa viatu vya kanisani, nikaketi kando ya barabara.

"We msichana, unangoja nani?" akauliza muuza maziwa.

"Nairobi."

Akacheka hadi akatua debe chini. "Inakuja na miguu ama na punda?"

Nikakimbia nyumbani nikilia, nimshtakie mama. Nyumba ilinuka mavi mabichi ya ng'ombe, sakafu imesiribwa upya. Sufuria kubwa ya chai ilichemka. Mama alikuwa amevaa gauni lake la Jumapili.

"Wamefika?" akaniuliza.

Aibu yangu ningeibeba, lakini yake ingenishinda. Nikafuta machozi.

"Bado, mama."