Kijiji Lilikozaliwa Neno

Wiki iliyopita nilisoma kwenye simu kwamba "hither", neno la Kiingereza cha kale lenye maana ya "kuja huku", lina shina moja na neno lao la "hapa". Nilikasirika. Jibu lilikuwa fupi hivyo?

Nilipokuwa mtoto, alasiri moja kwa bibi, kijijini Lupepo, jiko lilinuka ndizi za kuchoma na koti la baba mdogo lililolowa mvua. Kesho yake ningesoma Biblia ya Kiingereza mbele ya kanisa zima, nami nilikwama kwenye neno hilo. Niliamini kila neno lina kijiji lilikozaliwa, na kulisoma bila kukijua ni kudanganya watu.

"Limetoka wapi, baba mdogo?"

"Ulaya."

"Ulaya sehemu gani?"

"Gwe, wewe, soma tu. Unachosha."

Bibi aligeuza ndizi. "Mjukuu wangu, hizi unakula kila siku. Umewahi kuuliza mgomba ulitoka wapi?"

Nikamuuliza. Alicheka mpaka akakohoa.

Baba mdogo akaninyang'anya Biblia, akampa binamu yangu. Asubuhi binamu alisoma, akalitamka neno lile ovyo, na kanisa likapiga makofi. Nilikaa benchi la nyuma, nimenuna, nikisubiri angalau mtu mmoja asimame aulize.